Kununua pikipiki iliyotumika: karatasi kwanza, injini baadaye

Kila wiki katika steji za Kibera na Kawangware kuna pikipiki inayobadilisha mikono. Nyingine inauzwa kando ya Kibera Drive, nyingine karibu na soko la Toi, nyingine nje ya gereji ndogo za Naivasha Road na Gatina. Mnunuzi anasikiliza injini, anapiga teke matairi, anazunguka mara mbili kwenye barabara ya mtaa, kisha anahesabu pesa. Mara nyingi mambo huishia hapo, na hapo ndipo hasara huanzia.

Kwa vijana wengi wa mitaa hii, pikipiki iliyotumika ndiyo njia ya kuacha kuendesha ya mwenyewe na kuanza kujiajiri. Chukulia mfano wa mhudumu wa boda boda wa Gatwekera anayempelekea mwenye pikipiki hesabu ya shilingi 300 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hizo ni shilingi 7,800. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 93,600. Kijana huyo akiweza kununua pikipiki yake, fedha hizo zinabaki nyumbani. Akinunua vibaya, anapoteza akiba ya mwaka mzima, na huenda pia mkopo wa chama aliodhaminiwa na wenzake.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kununua pikipiki iliyotumika bila kujiingiza katika hasara au kesi. Jambo kuu ni moja: injini mbovu inaweza kutengenezwa, lakini pikipiki ambayo aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza haina fundi.

Soko lilivyokua

Jina boda boda lilianzia Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na ule wa Uganda. Mwaka 2008 serikali ya kitaifa iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Bei ikashuka, na pikipiki zikaingia kwa wingi nchini.

Katika mitaa kama Laini Saba, Lindi, Silanga, Kabiro na Kawangware, ambako njia nyingi ni nyembamba mno kwa gari, pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitalini usiku, inayobeba mtungi wa gesi, na inayomfikisha mwanafunzi shuleni siku ya mvua. Pikipiki nyingi zinazouzwa tena ni za cc 100 hadi 150, kama vile Boxer, TVS na Honda. Zimefanya kazi nzito kwa muda mfupi, na nyingi zimepita mikononi mwa watu wawili au watatu kabla ya kufika sokoni tena.

Umiliki uko wapi?

Wanunuzi wengi huamini kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye pikipiki. Wengine huamini kwamba mwenye logibuku, yaani hati ya umiliki, ndiye mwenyewe. Sheria haisemi hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye usajili ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye chombo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Usajili huo unatunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, na huduma zake hupatikana kupitia eCitizen.

Inafaa ieleweke pia kwamba serikali ya kaunti haitoi logibuku wala haisajili pikipiki. Katiba ya 2010 iliipa kaunti majukumu ya barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, msongamano na uchukuzi wa umma. Usajili wa vyombo na leseni za udereva ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mtu yeyote anayedai kwamba anaweza kukubadilishia jina la pikipiki kupitia ofisi ya kaunti au ofisi ya wadi hasemi kweli. Vivyo hivyo, barua ya chifu au ya mwenyekiti wa steji inaweza kusaidia kumtambua muuzaji, lakini haihamishi umiliki.

Hatua ya kwanza: uchunguzi wa rekodi

Kabla ya kumwita fundi, na kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kushikilia pikipiki, mnunuzi anapaswa kuomba rekodi ya usajili. Anahitaji akaunti ya eCitizen na nambari ya usajili wa pikipiki. Nambari za pikipiki huanza na herufi KM. Ada hulipwa mtandaoni. Malipo ya huduma za serikali kwenye eCitizen hupitia Paybill 222222, na si nambari ya simu ya mtu binafsi. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre ya Kibra au katika saiba iliyo karibu naye, mradi asimwachie mtu mwingine nywila yake.

Rekodi hiyo huonyesha jina la mwenye pikipiki, nambari ya chesisi, nambari ya injini, aina ya pikipiki, rangi yake, na kama kuna kizuizi chochote kilichowekwa dhidi ya kuihamisha. Mnunuzi akiwa na rekodi mkononi, aende kuiona pikipiki na kulinganisha mambo manne.

Jambo la kwanza ni jina. Jina lililo kwenye rekodi liwe ndilo lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji. Akisema "ni ya kaka yangu" au "mwenyewe yuko Kisumu", basi mazungumzo yasubiri mwenyewe apatikane. Dalali anaweza kumtafutia mtu pikipiki, lakini hawezi kuiuza kwa niaba ya mtu asiyeonekana.

Jambo la pili ni nambari ya chesisi. Katika pikipiki nyingi imepigwa kwenye chuma cha shingo, pale usukani unapoingilia kwenye fremu. Safisha matope na grisi kwa kitambaa, geuza usukani na usome tarakimu zote, si nne za mwisho tu. Alama ya tupa, rangi mpya mahali hapo peke yake, au tarakimu zisizolingana kwa ukubwa ni dalili mbaya.

Jambo la tatu ni nambari ya injini, ambayo hupigwa kwenye kasha la injini upande wa chini. Injini hubadilishwa mara kwa mara katika gereji za mitaani, na si kila injini iliyobadilishwa ni ya wizi. Hata hivyo, mabadiliko hayo yanapaswa kuwa na risiti na kuonekana katika rekodi ya NTSA. Kama hayaonekani, muuzaji ndiye anayepaswa kuyarekebisha kabla ya kuuza.

La nne ni rangi na aina. Rekodi ikisema nyekundu na pikipiki ni nyeusi, uliza kwa nini.

Pikipiki yenye mkopo

Pikipiki nyingi mpya siku hizi hununuliwa kwa mkopo. Mwendeshaji hulipa kidogo kidogo kwa siku au kwa wiki, na hadi amalize, jina la aliyemkopesha huwa kwenye usajili pamoja na lake. Mara nyingi pia kuna kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya kiti au ndani ya taa.

Mwendeshaji akishindwa kulipa, anaweza kushawishika kuiuza haraka kwa bei ya chini. Mnunuzi hufurahia bei, lakini wiki chache baadaye pikipiki huchukuliwa njiani na watu wa mkopeshaji. Mnunuzi huyo hana deni na mkopeshaji, lakini pia hana pikipiki. Anabaki kumtafuta muuzaji ambaye simu yake haipatikani.

Sheria ya Haki za Dhamana kwenye Mali Inayohamishika ya mwaka 2017 iliweka rejista ambamo wakopeshaji huandikisha dhamana zao. Dhamana ikishaandikishwa, kwa kawaida huifuata mali hata ikiuzwa kwa mtu mwingine. Rejista hiyo pia inaweza kuchunguzwa kupitia eCitizen. Kwa pikipiki ya miaka ya karibuni, uchunguzi huo ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara inayoweza kutokea.

Kununua pikipiki yenye mkopo si kosa, ila kuna njia yake. Muuzaji, mnunuzi na mkopeshaji wakutane pamoja. Mkopeshaji aandike deni lililobaki. Mnunuzi alipe sehemu hiyo moja kwa moja kwa mkopeshaji na kupewa risiti, kisha mkopeshaji akubali kuondoa jina lake. Salio ndilo analopewa muuzaji. Muuzaji akikataa utaratibu huu, mnunuzi ana sababu ya kuondoka.

Pikipiki ya wizi

Hatari ya pili ni kubwa zaidi kwa sababu inaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Kosa hilo humhusu mtu aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kuamini, kwamba mali ni ya wizi.

Maneno "sababu ya kuamini" yana uzito. Mtu aliyenunua pikipiki usiku, kwa nusu ya bei ya soko, bila karatasi, kutoka kwa mtu asiyemjua jina la pili, atapata shida kueleza kwamba hakushuku chochote. Aliyefanya uchunguzi wa rekodi, akalipa kwa M-Pesa na kuandikiana mkataba, ana ushahidi wa nia yake njema.

Muuzaji akidai kwamba logibuku ilipotea, aonyeshe abstrakti ya polisi na aombe nakala nyingine kutoka NTSA kwa jina lake kabla ya kuuza. Asiuze kwanza na kuahidi kufuatilia baadaye. Mnunuzi akigundua kwamba nambari za chesisi zimefutwa au hazilingani na rekodi, asibishane na muuzaji wala asiite umati. Aondoke, kisha atoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu naye.

Kuna pia pikipiki zinazouzwa kwenye minada, zikiwemo zilizokamatwa na kutodaiwa na wenyewe. Minada halali hutangazwa hadharani kabla ya siku ya kuuza, na mnunuzi hupewa hati ya mnada anayoitumia kuomba usajili. Bila hati hiyo, maneno "nilitoa mnadani" hayana uzito.

Sasa fundi aitwe

Karatasi zikiwa sawa, ndipo ukaguzi wa pikipiki yenyewe unapoanza. Mnunuzi aje na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Ukaguzi ufanyike mchana, mahali pa wazi.

Kwanza, injini iwe baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, kisha iguse ukifika. Injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiwa tayari ina joto, lakini asubuhi husumbua. Ikishawaka, tazama ekzosi. Kwa pikipiki za kawaida za boda boda, moshi wa samawati unaoendelea ni dalili kwamba oili inaungua ndani ya injini, na pistoni na ringi zake huenda zimeisha. Moshi mweusi mara nyingi hutokana na kabureta inayomwaga petroli kupita kiasi, na hilo hurekebishwa kwa gharama ndogo. Sauti ya kugonga kutoka ndani ya injini isipuuzwe hata muuzaji akisema "zote zinalia hivyo".

Pili, oili. Ichomoe kijiti cha kupimia. Oili nyeusi sana na nyepesi kama maji inaonyesha kwamba haikubadilishwa kwa muda mrefu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, jambo linalotokea kwa pikipiki zinazovuka madimbwi msimu wa mvua. Pikipiki iliyooshwa dakika chache zilizopita huenda imeoshwa ili kuficha mahali oili inapovuja. Iache inguruma kwa robo saa, kisha tazama tena chini ya injini.

Tatu, fremu. Pikipiki za mitaa hii hubeba mitungi ya maji, magunia na abiria juu ya barabara zenye mashimo, na uzito huo huishia nyuma. Inua kiti, toa vifuniko vya pembeni, na utafute mahali palipochomelewa. Fremu iliyochomelewa inaweza kukatika ikiwa na abiria. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu la mbele kwa magoti na utazame kama usukani umenyooka. Usukani ulioinama ni ushahidi wa ajali.

Nne, magurudumu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati na uzungushe kila gurudumu. Likiyumba, rimu imepinda au spoki zimelegea. Shika mkono wa nyuma unaobeba gurudumu na uusukume kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha. Bonyeza kiti kwa nguvu na uachilie. Pikipiki ikiruka zaidi ya mara moja, shoku za nyuma zimechoka.

Tano, cheni na sproketi. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, cheni na sproketi zote zinahitaji kubadilishwa pamoja. Kubadilisha cheni peke yake ni kuila pesa, kwa sababu sproketi mbovu itaimaliza cheni mpya kwa haraka.

Mwisho, iendeshe. Panda mlima nayo ukiwa na mtu nyuma. Injini ikipiga kelele lakini mwendo hauongezeki, sahani za klachi zimekwisha. Jaribu gia zote, breki zote mbili, taa, indiketa na honi. Wakati wa jaribio muuzaji abaki na kitambulisho chako au na mtu mnayeaminiana naye. Hiyo ni haki yake.

Fundi akishamaliza, andika kila kinachohitaji kubadilishwa pamoja na bei yake. Kwa mfano, pikipiki inayouzwa kwa shilingi 70,000 lakini inahitaji tairi, cheni, sproketi na klachi si ya shilingi 70,000. Ongeza gharama hizo, kisha uilinganishe na nyingine ya bei ya juu zaidi ambayo haihitaji kitu. Orodha hiyo ndiyo ya kujadiliana bei, kwa heshima na bila kudharau mali ya mtu.

Pikipiki ndogo za mashindano

Katikati ya Kibera na Kawangware, pembeni mwa Ngong Road, iko Jamhuri Park, ambako mbio za motokrosi zimekuwa zikifanyika kwa miaka mingi. Vijana wa mitaa jirani hukua wakisikia ngurumo hizo, na mara kwa mara pikipiki ndogo za mashindano za cc 50, 65 au 85 hufika sokoni. Pia huuzwa Yamaha za zamani za aina ya DT na AG, ambazo zilitumiwa sana na maafisa wa nyanjani na mashirika ya misaada.

Nyingi kati ya hizi zina injini ya mipigo miwili. Injini hiyo huchoma petroli katika kila mzunguko mmoja, wakati ile ya boda boda za kawaida huchoma mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ndiyo sababu injini ndogo ya mipigo miwili ina nguvu nyingi kwa ukubwa wake. Lakini injini hiyo haina oili yake ndani ya kasha kama nyingine. Oili husafiri pamoja na petroli. Katika baadhi ya pikipiki kuna tangi dogo la oili na pampu yake. Katika zile za mashindano, mwendeshaji huchanganya mwenyewe. Mchanganyiko wa 1 kwa 40, kwa mfano, ni mililita 25 za oili kwa kila lita ya petroli. Kipimo sahihi ni kile cha mtengenezaji. Mtu asiyejua akiijaza petroli tupu, pistoni hukwama na injini huharibika.

Katika injini hizi, moshi kidogo wa samawati ni wa kawaida, kwa hiyo haufai kuwa kipimo. Kipimo bora ni kiki. Ikisukumwa kwa mguu bila upinzani wowote, kompresheni imekwisha. Pikipiki ya mashindano huhesabiwa kwa saa ilizokimbia, si kwa kilomita, na pistoni yake hubadilishwa mara nyingi zaidi. Uliza ilibadilishwa lini na uone risiti.

La muhimu zaidi, pikipiki ya motokrosi haina taa, indiketa wala nafasi ya abiria, na kwa kawaida haijasajiliwa kwa matumizi ya barabarani. Haiwezi kufanya kazi ya boda boda. Kwa kuwa haimo katika rekodi za usajili, mnunuzi adai hati za forodha zilizotumika kuiingiza nchini, zenye nambari ya chesisi inayolingana. Anayetaka mtoto wake ajifunze mchezo huu aanze na klabu, anunue mavazi ya kujikinga pamoja na pikipiki, na asiiruhusu pikipiki hiyo kutoka nje ya uwanja.

Siku ya malipo

Siku ya kulipa ndiyo siku ya kuhamisha jina. Mambo haya mawili yasitenganishwe.

Kwanza uandikwe mkataba wenye majina kamili, nambari za vitambulisho, nambari ya usajili, chesisi na injini, bei, tarehe na saa ya makabidhiano. Kila upande uwe na shahidi. Saa ni muhimu kwa sababu ajali au kosa la barabarani lililotokea kabla ya hapo ni la muuzaji.

Kisha muuzaji aingie katika akaunti yake ya eCitizen, afungue huduma za NTSA na kuanzisha uhamisho kwenda kwa mnunuzi. Mnunuzi naye aingie katika akaunti yake na kukubali. Kila mmoja anahitaji kitambulisho na PIN ya KRA. Hili linaweza kufanyika mkiwa mmeketi pamoja katika Huduma Centre au saiba.

Malipo yafanywe kwa benki au M-Pesa badala ya noti mkononi. Jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa liwe ni lile lile lililo kwenye rekodi ya usajili. Mtu akikuomba utume kwa nambari ya mke, rafiki au wakala, simama hapo.

Sheria ya Trafiki hairuhusu chombo kilichouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Kuchelewa kunaumiza pande zote mbili. Pikipiki ikihusika katika ajali au uhalifu, polisi humtafuta mtu ambaye jina lake liko kwenye rekodi, na huyo ni muuzaji. Na muuzaji akihama au akifariki kabla ya kuhamisha jina, mnunuzi hulazimika kufuata familia na taratibu za mirathi kwa ajili ya pikipiki aliyokwisha kuilipia.

Kabla ya kumbeba abiria wa kwanza

Bima ya muuzaji haimlindi mnunuzi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inataka kila chombo kiwe na bima ya mtu wa tatu. Mnunuzi achukue bima kwa jina lake, na aeleze wazi kwamba pikipiki itabeba abiria kwa malipo. Bima ya matumizi ya kibinafsi ni ya bei nafuu, lakini abiria akiumia, huenda asilipwe. Gharama ya hospitali itawaangukia familia mbili: ya abiria na ya mwendeshaji.

Mwendeshaji awe na leseni ya daraja linaloruhusu kubeba abiria kwa pikipiki, yaani A3. Sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Kwa hiyo bajeti ya kununua pikipiki ijumuishe kofia mbili na makoti mawili. Kofia za zamani zilizopasuka, ambazo mara nyingi hutolewa na muuzaji kama nyongeza, hazimkingi mtu.

Kwa ufupi

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba:

1. Umepata rekodi ya NTSA wewe mwenyewe, na jina ni la mtu aliye mbele yako.
2. Nambari za chesisi na injini zinalingana na rekodi.
3. Hakuna mkopo, au mkopeshaji yuko mezani nanyi.
4. Fundi wako ameikagua ikiwa baridi, mchana.
5. Mkataba umeandikwa na kila upande una shahidi.
6. Muuzaji ameanzisha uhamisho, nawe umeukubali.
7. Malipo yanakwenda kwa jina lililo kwenye usajili.
8. Bima kwa jina lako, kofia mbili na makoti mawili ziko tayari.

Hatua hizi zinaweza kuchukua siku mbili au tatu. Muuzaji mwaminifu atasubiri, kwa sababu naye anataka jina lake litoke kwenye rekodi. Anayesema kwamba kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni, mwache amuuzie huyo.